Saa nne na saa kumi: kwa nini altimeta ya mkononi "inapanda" ukiwa umelala

SWALI: Mzee jeometre (mpimaji wa ardhi), jambo. Nina saa ya mkononi yenye altimeta, yaani kipima mwinuko. Sisi ni kikundi cha vijana, kila Jumamosi tunatembea vilimani. Siku ya kwenda mlima Kahuzi niliiweka sawa saa 1 asubuhi kando ya Ziwa Kivu, mita 1,460. Tulipofika kileleni saa 7 mchana ikaonyesha 3,212, na kila mtu anajua Kahuzi ni 3,308. Tena usiku, ikiwa mezani kwetu Bagira, kuanzia saa 4 mpaka alfajiri inaongeza mita 18 au 20, utadhani nyumba imepaa. Fundi mmoja wa simu aliikagua, akaona presha ya hewa inasoma 842. Akasema ya kawaida ni 1013, kwa hiyo kapteri (kile kinachopima presha ndani ya saa) imekufa, nimpe dola 15 aisafishe. Nimpe? (Msomaji wa Bukavu)

JIBU: Usimpe, kijana wangu. Na kama saa iko kwake, kaichukue leo kabla hajatafuta sindano. Nasema sindano kwa sababu usafishaji wao ndio huo. Ubavuni mwa saa kuna vitundu vidogo, na nyuma yake kuna utando mwembamba sana unaosukumwa na hewa. Ncha ya sindano ikiingia pale, utando umekwisha. Nimeletewa saa za namna hiyo mara nyingi, na karibu zote zilikuwa nzima mpaka siku zilipopelekwa kutengenezwa. Vitundu vikizibwa na jasho na vumbi, dawa yake ni maji safi ya vuguvugu.

Sasa hiyo 1013, ambayo nimechoka kuisikia. Hiyo ni presha ya mtu aliyesimama ufukweni mwa bahari, huko Muanda, siku ya hewa tulivu. Sisi tunaishi mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, kwa hiyo mzigo wa hewa ulio juu ya vichwa vyetu ni mwepesi zaidi. Kando ya Kivu presha ni kama hektopaskali 850 (ndicho kipimo cha presha ya hewa), na ukipanda Bagira lazima ipungue kidogo. Hiyo 842 yako ni ushahidi kwamba kapteri iko hai na inafanya kazi vizuri. Ingesoma 1013 ukiwa Bagira, hapo ndipo ningekuambia uitupe.

Utaniuliza mbona simu, kwenye hali ya hewa, inaandika Bukavu 1015. Inaandika hivyo kwa sababu wenye programu wamefanya hesabu, kama vile wangetuchimbia kisima cha mita 1,500 mpaka usawa wa bahari na kutaja presha ya chini kabisa ya hicho kisima. Kisima hakipo, na hewa yake ni ya kukisia. Ukiichukua namba hiyo ukaitia kwenye saa, kila hektopaskali 1 waliyokosea wao inakuwa mita 8 au 10 za kosa lako. Iache kwenye simu.

Kosa lenyewe, lile ninaloliona kila mwezi na sasa linanipotezea subira, ni kudhani kwamba saa ni futi ya fundi seremala. Saa haijui mlima. Inajua uzito wa hewa tu, kisha inaufanyia tafsiri: presha hii, basi mita hizi. Katika tafsiri hiyo ina kitabu kimoja tu, na kitabu hicho kinaeleza anga la mfano ambapo usawa wa bahari una nyuzi 15 za joto, na kila unapopanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi 6.5. Fanya hesabu mwenyewe uone: kwa kitabu hicho, kando ya Ziwa Kivu ni nyuzi 5 na nusu tu, na kileleni Kahuzi ni nyuzi 6 na nusu chini ya sifuri. Ingekuwa kweli, akina mama wa Kadutu wangeuza makoti mwaka mzima, na sisi tungepanda Kahuzi kwenye barafu.

Ukweli ni kwamba mchana ziwani tuna nyuzi kama 20, na kule juu, tuseme, 9. Kwa hiyo hewa yetu ina joto la nyuzi kama 15 zaidi ya ile ya kitabu. Hewa yenye joto hutanuka. Hewa ikitanuka, unahitaji kupanda zaidi ili presha ipungue kwa kiasi kile kile. Saa haijui kwamba umepanda zaidi, inahesabu presha tu, ndiyo maana inakupunja. Kila nyuzi 10 za ziada zinakula karibu asilimia 4 ya mwinuko uliopanda. Saa yako ilihesabu 3,212 ukitoa 1,460, yaani mita 1,752. Ongeza asilimia 5 na nusu kwa zile nyuzi 15, unapata mita 96. Jumlisha na 3,212. Umeona? Inatoka 3,308 kamili, ingawa siku nyingine ungekosa kwa mita 10 au 20 na bado nisingeilaumu saa.

Wenzetu wa Goma wananiletea jambo hili hili kwa njia nyingine. Kijana mmoja aliniapia kwamba Nyiragongo, mlima wao wa volkano, umezama karibu mita mia tangu mlipuko wa Mei 2021, eti ameupima mwenyewe kwa saa, na badala ya 3,470 amepata pungufu. Sakafu ya kreta, lile shimo la kileleni, iliporomoka, ndiyo, lakini ukingo anaosimama mtembeaji haujashuka mita mia popote. Alichopima yeye ni joto la hewa.

Habari ya usiku ni tofauti, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Hewa ina maji kupwa na maji kujaa yake, kama bahari. Jua linapasha joto anga la juu, hewa inatanuka na kusinyaa, na wimbi linazunguka dunia likifuata jua, mara mbili kwa siku. Huku kwetu karibu na ikweta wimbi hilo lina nguvu na halikosi miadi. Presha inafika juu kabisa saa 4, inashuka mpaka chini kabisa saa 10. Saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuandika popote, maana ni namba mbili tu, nne na kumi, mchana na usiku. Alexander von Humboldt, mwanasayansi Mjerumani aliyezunguka Amerika ya Kusini na Meksiko kati ya 1799 na 1804, aliukuta utaratibu huo ukiwa thabiti kiasi kwamba mtu angeweza kukisia saa kwa kutazama barometa, kipima presha ya hewa.

Kutoka saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni presha inaporomoka kama hektopaskali 3, na kwa mwinuko wetu hektopaskali 1 ni karibu mita 10. Saa iliyolala mezani "inapanda" mita 30 bila kuguswa. Mteremko wa usiku ni mdogo kidogo kuliko wa mchana, ndiyo maana wewe ulipata 18 au 20. Hakuna ugonjwa hapo. Ningekuwa na wasiwasi kama isingeonyesha chochote.

Ulaya mambo ni kinyume. Wimbi hilo kule ni dogo, na dhoruba zao zinalifunika kabisa. Vitabu vya maelezo vya saa hizi vimeandikwa na watu wa kule, kwa hiyo vinakuambia presha ikishuka, mvua inakuja. Ndiyo maana kale kapicha ka wingu kenye matone kanajitokeza kwenye kioo chako karibu kila alasiri. Msimu wa mvua kanapatia, maana Bukavu alasiri mvua inanyesha vyovyote vile, na watu wanasema loo, saa hii ina akili. Mwezi wa saba, kiangazi kikavu, kanaonyesha wingu lile lile.

Na wale wanaosema "nunua yenye GPS, yamekwisha": hayajaisha. GPS inakuambia vizuri uko upande gani, lakini kwa mwinuko ni dhaifu zaidi, kwa sababu satelaiti zote ziko juu yako. Za chini zimefichwa na dunia. Ukiingia kwenye mianzi au korongo, inazidi kuyumba. Itumie kama shahidi wa pili.

Mngekuwa mnatembea tu, ningeishia hapa, maana mita 30 hazimuui mtembeaji anayefuata njia. Lakini saa hizi zimeanza kufanya kazi ya watu wazima. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na kamati ya maji ya kijiji kimoja kilimani. Walikuwa wamechimba mtaro wa zaidi ya kilomita 2 kwa majembe, kwa kazi ya pamoja, wamelaza mabomba na kujenga tanki. Siku ya kufungua, watu wamevaa vizuri, ndoo zimepangwa, bomba likatoa pumzi. Likakohoa kidogo, likanyamaza.

Aliyewapimia alikuwa na saa kama yako. Aliiweka sawa penye tanki saa 4 asubuhi, akanywa chai, akasalimiana na wazee, akapanda taratibu akikagua njia, na akafika kwenye chemchemi saa 10 jioni. Saa ikamwambia chemchemi iko mita 33 juu ya tanki. Akapiga picha ya kioo cha saa kama ushahidi. Picha hiyo nimeiona. Nilipopita na nivo na mira (darubini ya kupimia usawa na fimbo yake yenye namba), nikapata mita 4. Zile 29 nyingine zilikuwa za jua. Mita 4 ni msukumo mdogo mno kwa bomba jembamba la zaidi ya kilomita 2, msuguano njiani unaukula karibu wote. Bila kujua alichagua nyakati mbili mbaya kuliko zote. Angeanza kwenye chemchemi asubuhi na kumalizia kwenye tanki jioni, saa ingemwambia maji yanatakiwa kupanda mlima wa mita 25, na angalau wangeshtuka.

Kwa hiyo ukiona mtu anapima chanzo cha maji, msingi wa nyumba au mtaro wa mvua kwa saa ya mkononi, mzuie, hata kama ana suti na karatasi zenye muhuri. Mpira unaoonyesha ndani, wa mita 20, uliojazwa maji bila mapovu, ambao waashi wetu wote wanao, unapima vizuri kuliko saa ya dola 500. Unachosha, ndiyo. Utahamisha mpira mara mia na ishirini. Lakini maji ndani ya mpira hayajui saa nne wala saa kumi. Na kama ni lazima kutumia altimeta, sisi wapimaji tulikuwa tunatembea na mbili: moja inabaki chini na mtu anayeandika kila baada ya dakika 10, nyingine inapanda, na jioni unatoa kosa la ile iliyobaki kwenye ile iliyopanda. Ikiwa ni moja tu, nenda na urudi ndani ya nusu saa, karibu na saa 4 au saa 10 zenyewe, wakati wimbi limesimama. Saa 7 mchana ni wakati mbaya: unaweza kupoteza mita 7 au 8 kwa saa moja.

Saa yako basi. Iweke sawa ziwani, kwenye maji yenyewe. Kupanda na kushuka kwa ziwa kwa majira ni kudogo mno kwa altimeta kukuona. Isawazishe tena kila mnapopita mahali ambapo ramani inataja mwinuko, usingoje kileleni. Mkilala porini, iweke kwenye hali ya barometa, halafu asubuhi irudishie mwinuko ulioulalia. Ukitaka kuwa na uhakika kwamba kapteri si pambo, maana sokoni zipo saa zilizoandikwa "ALTIMETER" kiooni na ndani hazina kitu, itie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ujaze hewa, ukaze mdomo wake, kisha uminye mfuko huku ukisoma. Presha ipande na mita zishuke. Zisiposhuka, hiyo ni bangili.

Halafu chukua karatasi. Kwa siku saba, saa ikiwa mezani pale pale Bagira, andika inachosoma saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 4 usiku. Ya saa 10 alfajiri andika siku utakayoamka kwa sababu nyingine. Ukimaliza, mpelekee yule fundi hiyo karatasi. Saa ibaki nyumbani.