Nimefumua Kuliko Nilivyofuma

Kofia yangu ya kwanza niliifuma kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, ikaishia kichwani kwa babu yake. Sitanii. Mtoto alikuwa hajatimiza arobaini, kichwa kama chungwa la Muheza, na ile kofia ilimfunika mpaka kidevuni. Shemeji alicheka hadi akatoka nje. Baba akaiokota, akaivaa, akasema itamfaa akipanda Lushoto mwezi wa saba. Anayo mpaka leo.

Nitaeleza kosa lilikuwa wapi, lakini kwanza nimjibu anayeuliza kila akiniona barazani na sindano: "Joto lote hili la Tanga, unafuma sweta za nani?" Mtoto mchanga anavaa kofia na soksi hata kaskazi ikipuliza moto. Lushoto ni safari ya saa chache tu, na ukifika kule jioni ya Julai bila kitu cha kujifunika utajuta. Na kuna watoto wa shule za bweni Iringa na Arusha, ambao mama zao wanahangaika kila Januari. Kazi ipo.

Shangazi yangu ni mtu wa krosheti, vile vitambaa vya makochi na meza. Alinifundisha nikiwa mdogo, nikadhani sindano mbili zitakuwa rahisi vilevile. Wapi! Krosheti ina kikulabu kimoja na kitanzi kimoja mkononi. Ukikosea, kinaponyoka hicho kimoja. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote viko wazi, sabini vimejipanga kama kunguru kwenye waya, na kimoja kikiponyoka kinashuka mstari kwa mstari mpaka chini. Jifunze mapema kukivua kwa kikulabu cha krosheti, ukikipandisha ngazi moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nafumua kazi nzima kila mara, mwezi mzima, kwa kutokujua hilo tu.

Sindano nilizojifunzia zilikuwa spoku za baiskeli. Bibi mmoja jirani yetu amefuma kwa spoku maisha yake yote, sweta za shule, safi kabisa. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, akanipa jozi. "Mwanangu, usizikabe, hazikimbii," akaniambia. Lakini spoku ina unene wa milimita 2 hivi. Yeye ana mkono wa miaka arobaini. Mimi baada ya wiki mbili nilikuwa na kipande cha ukubwa wa kiberiti. Halafu hewa yetu ya chumvi haina huruma: niliziacha dirishani, zikashika kutu, kutu ikaingia kwenye uzi mweupe. Haikutoka.

Kwa anayeanza, chukua sindano za mianzi au plastiki zenye unene wa milimita 4, jozi moja. Za chuma laini ni nzuri kwa aliyezoea, ila vitanzi huteleza juu yake kabla mkono haujajua kuvishika. Usinunue boksi la saizi kumi na mbili. Ninalo. Nimetumia tatu.

Na hapa ndipo kofia ya mtoto ilipoharibikia. Sisi watu wa Tanga tumezoea namba, Ngamiani mitaa yenyewe ni namba, na Barabara ya 8 ni Barabara ya 8 hata akija kuitafuta mgeni kutoka Marekani. Sindano sivyo. Kwenye hesabu ya zamani ya Uingereza, namba 8 ni milimita 4. Kwenye hesabu ya Marekani, namba 8 ni milimita 5. Tena zinakwenda kinyume: ya Uingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, ya Marekani namba ikipanda sindano inanenepa. Mimi nilikuwa na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza, ya zamani, kutoka kwenye droo ya shangazi, inasema namba 8. Nikapata jozi mitumbani imeandikwa 8. Nikafurahi, nikaanza. Kumbe ilikuwa 8 ya Marekani, nene kuliko iliyotakiwa.

Siku hizi siamini namba, naamini milimita. Kaka yangu seremala alinitobolea kibao matundu ya milimita 3, 4 na 5 kwa keekee yake. Sindano inayopita bila kulazimishwa na bila kucheza, hiyo ndiyo saizi yake. Kibao kile nakithamini kuliko boksi lote.

Kosa la pili lilikuwa uvivu. Lebo ya uzi ilisema vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama sentimita 35, na kofia huwa tunaipunguza kidogo kwa kuwa inavutika, tuseme 32. Kwa hiyo vitanzi 70, hesabu sahihi. Ila sikufuma kipande cha majaribio. Kwa sindano nene na mkono wangu mlegevu, vitanzi 70 vilinipa karibu sentimita 47. Ningefuma kwanza kipande cha mraba, nikakilaza mezani bila kukivuta, nikahesabu kwa futi ya fundi, ningeona vitanzi 15 tu katika sentimita 10, nikajua nahitaji 48. Kipande hicho kinakula jioni moja. Kofia ilikula jioni tisa.

Sasa uzi, maana hapo ndipo pesa inapopotelea.

Kwenye maduka ya vifaa vya mafundi cherehani Ngamiani, uzi wa kufumia utaukuta umerundikwa nyuma ya zipu na lesi, na mwingi wake ni akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Hauna ubaya. Ni mwepesi, unafulika, bei yake nafuu, na nondo hawaugusi. Nilichojifunza kwa uchungu ni kuwa haupatani na moto. Niliutumia kufuma kitambaa cha kushikia sufuria, nikainua nacho sufuria ya wali, kikayeyuka na kuganda kwenye mkono wa sufuria. Sweta ya akriliki usiipige pasi ya moto pia. Inalala chali haiamki tena.

Kwa jikoni tumia pamba. Kwa kweli kazi ya kwanza kabisa ningekushauri iwe kitambaa cha jikoni cha uzi wa pamba, mraba, ukifuma mstari kwa mstari kwa namna ileile bila kubadili. Kikipinda ni sawa, kazi yake ni kushika masizi. Skafu ndefu wanayoanza nayo wengi huko kwenye baridi, hapa utamvika nani? Utachoka katikati. Ubaya wa pamba ni kwamba hairudi ikivutika, na mkono unachoka nayo upesi kwa kuwa uzi hauna mnyumbuko.

Sufu ndiyo tamu kufumia, inasamehe makosa. Lakini ukiitia maji ya moto na kuisugua, inasinyaa na kushikana, sweta ya baba inakuwa ya mtoto. Ihifadhi ikiwa safi na kavu kabisa, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Wakati wa masika ukungu haubishi hodi.

Muuzaji akikuambia "hii sufu tupu", mwombe kipande cha uzi, kichome nje kwa kiberiti, mbali na vitambaa vyake. Sufu inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika vidoleni. Pamba inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi, na usikiguse kingali moto. Nimewahi kuuziwa "sufu" iliyogeuka shanga mbele ya macho yangu.

Rangi: anza na isiyokolea. Nyeusi usiku chini ya taa huoni kitanzi, achilia mbali umeme ukikatika. Uzi wenye manyoya manyoya uache dukani hata ukikuita kwa jina. Kuufumua ni kama kutenganisha pamba na mbegu.

Na kabla hujalipa, tazama lebo. Mbali na uzito na urefu, kuna namba ya mkupuo wa rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja kwa mara moja. Nyekundu ya mkupuo mmoja si nyekundu ya mkupuo mwingine, hata jina la rangi likiwa lilelile. Nilinunua madonge matatu ya buluu kwa blanketi la mtoto, nikaishiwa, nikarudi baada ya wiki mbili kuchukua la nne. Dukani zilifanana. Nyumbani, juani, robo ya blanketi ilikuwa bahari ya Raskazone asubuhi na iliyobaki bahari ileile jioni. Nunua yote ya kazi moja kwa pamoja, na ongeza donge moja. Ukilazimika kuchukua la mkupuo mwingine, fuma mistari miwili kwa donge la zamani na miwili kwa jipya, tofauti itapotea machoni. Kama lebo imeng'oka, toka na madonge mlangoni uyalinganishe kwenye mwanga wa jua.

Vifaa vingine havina hadithi. Mkasi, futi, daftari la kuhesabia mistari, na shazia ndogo ya mikeka kwa kushonea mapande. Tundu lake linapokea uzi mnene. Ikiwa na ncha kali sana, isugue kidogo kwenye sakafu ya saruji isichane nyuzi.

Niliwahi pia kutaka mfuko wa sokoni wa kufuma, mwaka ule mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Juni 2019. Nikajidai Mtanga halisi, nikachukua kamba ya mkonge. Mkonge uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche 1,000 iliyoagizwa ni 62 tu iliyofika hai. Nilipokuwa nakwangua vidole kwa ile kamba nilitamani ifike 61. Mfuko upo, imara, hauchakai. Lakini tumia pamba, na vishikio uvifume vifupi, maana viazi vitavivuta.

Chanzo cha uzi ninachokipenda kuliko vyote kwa sasa ni mitumba. Sweta moja kubwa ya kiume, ukiifumua, inatoa uzi wa kofia nyingi. Igeuze ndani nje kwanza. Ukiona ubavuni imekatwa na kupigwa ovaloki, iache: kila mstari umekatwa, utapata vipande vifupi tupu. Unayoitaka ni ile ambayo kila pande lilifumwa kivyake na kingo zake ni nzima, zikaunganishwa kwa mshono unaoachia. Kata mshono huo taratibu, anzia juu pale ilipomalizikia, vuta. Uzi utatoka umejikunjakunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pane kwa vipande vya uzi, uloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uutundike kivulini na kopo dogo la maji limening'inia chini yake ili unyooke. Ukikauka kabisa, ukunje donge legevu. Ukiukaza unauvuta, na uzi uliovutwa ukifumwa kofia hurudi kwenye urefu wake siku ya kwanza ya kufuliwa.