Lisbon na begi la mgongoni: ya kukubaliana na wenzako kabla ya kuondoka

Kila ninapoulizwa ni mji gani wa kale wa Ulaya unaofaa kikundi cha marafiki wenye pesa za kuhesabu, jibu langu ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Uwanja wa ndege uko mjini na metro inaanzia hapo hapo. Maji ya bomba yananyweka. Mengi ya kutazama yako barabarani, hayana kiingilio. Isitoshe, sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tuna chetu kule, na wengi wetu tunakipita bila kukijua. Nitakifikia. Kwanza tumalize habari za viza na pesa, maana hizo ndizo zinazovunja safari za marafiki.

Hata mkienda kikundi, viza ya Schengen (moja kwa nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwemo) kila mtu anaomba yake na anapimwa kwa makaratasi yake. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, hairudishwi ukinyimwa, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na nakushauri usisubiri hizo siku 15. Kaeni chini mapema mjibu swali moja: mwenzetu mmoja akinyimwa, tunaendelea au tunaahirisha wote? Jibu lolote ni sawa, mradi limetoka kabla ya tiketi kulipwa. Na hosteli wekeni ile inayokubali kughairi bure.

Pesa tuliziendesha kwa mfuko wa pamoja. Tulikuwa wanne, tukachanga sawa kwa sawa, na mmoja wetu mwenye moyo wa hesabu akawa mhazini. Mfuko ulilipia malazi, nauli na vyakula vya kupika jikoni hosteli. Vingine vyote, kila mtu na lake. Mpango huu unaondoa zile hesabu za mezani za nani alikula nini, ambazo huwatia watu unyonge hata kama hawasemi. Katika mfuko huo tengeni na kodi ya wageni: Lisbon inatoza euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa hadi usiku 7, na mara nyingi mnadaiwa mapokezi, nje ya kile mlicholipa mtandaoni. Kwa watu wanne hiyo si hela ya kupuuza.

Mgahawani, mkikaa tu mtaletewa mkate, zeituni, pengine na jibini, bila kuagiza. Mkivila, vinaingia kwenye bili. Semeni hapana kwa upole, virudishwe, hakuna anayekasirika. Mchana tafuteni ubao wenye maneno prato do dia, yaani mlo wa siku, ndio wa nafuu. Kwa Waislamu: mkate wa bifana ni nyama ya nguruwe, na supu ya caldo verde kwa kawaida hutiwa soseji ya nguruwe, kwa hiyo ulizeni. Sisi tulikuwa tukishuka Martim Moniz, mtaa wa Rua do Benformoso, ambako Wabangladeshi wana maduka na mikahawa ya halali. Wali wa huko kwa mchuzi ulituliwaza sana.

Sasa begi. Lisbon ni mji wa vilima, na nyumba nyingi za kale hazina lifti. Hosteli yetu ilikuwa juu ya ngazi nyembamba za mbao. Begi la lita 40 linatosha. Kila kinachozidi hapo utakilaani. Njia za miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi mpaka vinang'aa, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Vaa raba yenye soli ya mpira yenye meno. Mwenzetu aliyekuja na sandali laini alikuwa akishuka mtaa wa kale wa Alfama kwa kushika ukuta.

Ukitaka kuuelewa mji huu, shika tarehe moja: 1 Novemba 1755. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani, tetemeko likapiga, bahari ikapanda, kisha moto ukateketeza kilichobaki. Ndiyo maana mtaa wa Baixa umenyooka vile, barabara zimekatana sawasawa: ulijengwa upya chini ya waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, na ndani ya kuta walitia fremu za mbao ili nyumba zihimili mtikisiko mwingine. Alfama, hatua chache tu kutoka hapo, ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo hiyo yenye vichochoro vya kupinda vya tangu enzi za Waislamu, kabla mji haujatekwa mwaka 1147. Tembeeni mitaa hiyo miwili siku moja, mmoja baada ya mwingine. Halafu pandeni hadi kanisa la Carmo, ambalo matao yake yameachwa wazi, bila paa, tangu siku ile. Hapo hata waliokuwa wanalalamikia miguu walinyamaza.

Ushauri wangu wa kupanda na kushuka: pandeni kwa basi au tramu, shukeni kwa miguu. Kila mtu awe na kadi yake ya nauli, ile ya navegante, hamuwezi kutumia moja kwa zamu. Tramu namba 28 ni nzuri kweli, lakini ipandeni asubuhi mapema, pale Martim Moniz inapoanzia. Baadaye inajaa kama daladala za jioni, na vibaka wanaijua. Mwenzetu mmoja alihisi zipu ya begi lake ikifunguka taratibu mgongoni. Akageuka, na mkono ukaondoka kana kwamba haukuwepo. Ndani ya tramu begi linavaliwa kifuani. Simu hairudi mfuko wa nyuma.

Na msikae pamoja kutwa nzima. Sisi baada ya chakula cha mchana tulikuwa tunaachana: wawili makumbusho, mmoja kulala, mmoja kupiga picha, tukakutana jua likielekea kuzama pale kilimani pa kutazamia mji, Miradouro da Senhora do Monte, mji wote ukiwa chini yetu. Kila mmoja alifika na habari za kusimulia. Nauamini mpango huu kuliko mwingine wowote.

Hicho chetu nilichotaja kiko Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa ya kale, kati ya katikati ya mji na mtaa wa Belém. Ni monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ya dhahabu tupu na rangi za enameli, iliyokamilika mwaka 1506. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka. Inama utazame ukingo wa chini: maandishi yanasema mfalme Manuel I aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa. Ndiyo Kilwa yetu. Vasco da Gama alifika na meli za vita mwaka 1502, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa. Mwaka 1505 Wareno wakarudi, wakaupora mji wenyewe, kisha wakaichoma Mombasa. Nilisimama mbele ya kioo kile kwa muda mrefu, nikazunguka, nikarudi. Kazi ya sonara ni ya ajabu, na hasira yangu ilikuwa ya kweli. Vyote viwili vilinijaa pamoja. Wageni walipita wakisifu ufundi, wakaenda zao. Tafadhali, msiseme muda hautoshi. Acheni foleni ya pastéis de nata, vile vikeki vya maziwa na mayai vya Lisbon, mwende huko.

Kisha ndipo mwende Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos iliyojengwa kwa utajiri wa biashara ya viungo, lilipo kaburi la Vasco da Gama. Mwenzetu wa Mombasa, aliyekua akipita Fort Jesus kila siku, alituhadithia pale pale mlangoni yale ambayo vibao havikuyasema. Mkiwa na mtu wa namna hiyo kwenye kikundi, mpeni nafasi aongee.

Jambo la mwisho la kupanga ni siku. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na majengo kadhaa makubwa yamekuwa yakifungwa kwa ukarabati, kwa hiyo angalieni tovuti ya kila mahali kabla hamjapanga ratiba. Soko la mitumba la Feira da Ladra ni Jumanne na Jumamosi. Jumatatu pandeni feri pale Cais do Sodré mvuke mto Tejo hadi Cacilhas: ni dakika kama kumi, kadi ni ile ile, na mhazini hatakuwa na la kulalamika.