Usiinunue hiyo .40 fupi, mkuu. Soma kwanza

Mkuu, kama hujalipa, usilipe. Kama umeshatoa kianzio, kakiombe hata kama watakukata kidogo.

Umesema unatafuta bastola ya kwanza, nusu otomatiki, ya kulengea shabaha tu siku za mapumziko, na huna mpango wa kuibeba kiunoni. Umebakiwa na mbili: moja ya kaliba (upana wa risasi, kwa inchi) ya .40, nyepesi, mtutu wa inchi tatu; nyingine ya 9 mm, kubwa, ya chuma. Ukauliza pia kilengeo cha nukta nyekundu kina faida gani, magazini (kasha la risasi) ununue ngapi, mafuta gani ya kusafishia, na kama fremu ya plastiki inadumu kama ya chuma. Halafu ukamalizia na maneno ya muuzaji: "Chukua yenye nguvu moja kwa moja, mkono utazoea."

Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike. Niliambiwa hayo hayo na mtu mwingine, duka lingine, na yalinila mwaka mmoja na nusu pamoja na pesa ambayo ingenitosha kununua bastola mbili nzuri.

Mkono hauzoei, mkuu. Mkono unajifunza kuogopa, na ukishajifunza, kuusahaulisha ni kazi kuliko kujifunza upya.

Mimi niliingia dukani nikitaka .22. Kibali ninacho, pesa nimeidunduliza miezi minane. Muuzaji akatikisa kichwa, akasema .22 ni ya watoto kuangushia makopo, baada ya mwezi nitaichoka nirudi kwake kununua ya watu wazima. Akanitolea .40 ndogo, gramu mia sita na ushee ikiwa tupu. Ilinipendeza. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kinaning'inia nje kwa sababu mpini uliishia kwenye kidole cha pete, na hilo hakuliona tatizo, akasema ndivyo bastola za kisasa zilivyo. Nikavuta triga mara mbili tatu pale kaunta, nikalipa. Dukani kila bastola ni tamu, maana haipigi teke.

Sasa angalia hesabu ambayo hakuna aliyenipigia siku ile. Kichwa cha risasi ya .22 LR, ile .22 ya kawaida, kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Cha .40 kinachouzwa sana kina gramu 11.7, zaidi ya mara nne. Vyote hutoka mtutuni kwa mwendo usiopishana sana, karibu mita 300 kwa sekunde. Bastola za .22 za shabaha nyingi zina kilo moja au zaidi. Yangu ilikuwa na nusu ya uzito huo na kitu kidogo. Kwa hiyo kinachosukumwa mbele ni kizito mara nne, kinachobaki mkononi kunyonya msukumo ni chepesi karibu mara mbili, na mkono wenyewe umekishika kwa vidole viwili na kipande. Halafu mtutu mfupi unatoa moto na kishindo karibu na uso wako. Mwili wa binadamu hauhitaji kuambiwa mara mia kwamba kitu hiki kinaumiza. Mara kumi na tano zinatosha.

Siku ya kwanza, mita 7, risasi kumi za mwanzo ziliingia zote kwenye eneo la kiganja. Nilifurahi mno. Kufika mwisho wa boksi la hamsini, matundu yalikuwa yameteremka chini kushoto, mengine nje kabisa ya duara. Nikasema uchovu. Wiki iliyofuata, vivyo hivyo. Iliyofuata, hata zile kumi za mwanzo zikaanza kuteremka.

Nikarudi kwa muuzaji na karatasi zangu. Hapa ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo. Yule bwana aliziona. Mtu anayetumia mkono wa kulia, risasi zote chini kushoto: mtu yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya mwanafunzi uwanjani anajua maana yake. Mpigaji anashtuka kabla ya mlio, anabana kiganja chote na kuisukuma bastola chini kuukabili mshindo ambao bado haujaja. Yeye akaniambia vilengeo vimepinda. Akasogeza cha nyuma kulia kidogo, akachukua malipo ya kazi. Mwezi uliofuata akaniuzia vilengeo vipya. Uliofuata, taa ya leza. Akaniuzia na risasi "laini" ambazo hazikuwa laini. Hakuna siku aliyoniambia, "Ndugu yangu, hebu nione unavyovuta triga." Kwa sababu kuvuta triga hakuuzwi dukani.

Vilengeo vikasogezwa mpaka nikivuta kwa utulivu, risasi inakwenda kulia. Yaani nikawa na bastola inayopiga sawasawa pale tu ninapokosea.

Aliyenitoa huko ni mwalimu mmoja wa shabaha, mzee mtaratibu sana. Hakunifundisha kitu siku hiyo. Alichukua magazini yangu, akanigeuzia mgongo, akaijaza risasi za kweli na bandia kwa mchanganyiko asionionyesha, akasema, "Piga, usiharakishe." Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ilikuwa bandia: triga ikaenda, hakuna mlio, na mdomo wa bastola ukainama kama jogoo anayedonoa mtama. Sentimita nne au tano, mbele ya macho yangu, bila baruti yoyote kuisukuma. Nilibaki nimeiangalia. Mzee akasema taratibu tu, "Hiyo ndiyo inayopiga chini kushoto. Siyo vilengeo."

Akaniambia niiweke kabatini miezi minne nisiiguse. Niliiuza, kwa chini ya nusu ya bei niliyoinunulia, nikachukua .22 iliyotumika.

Miezi hiyo minne sikupiga kitu kingine. Kila jioni dakika kumi za kuvuta triga bila risasi: chumba kimoja bastola, chumba kingine risasi zote, ukague chemba (tundu inamokaa risasi) kwa macho na kwa kidole, kisha uelekeze kwenye ukuta ambao ungeweza kusimamisha risasi kama ungekuwa umekosea. Mzee alinipa ganda tupu nilisimamishe juu ya bastola, nyuma ya kilengeo cha mbele, nivute triga lisianguke. Wiki ya kwanza lilianguka kila mara. Nakumbuka mlio wake kwenye sakafu kuliko mlio wa bastola yenyewe. Lakini usilikurupukie zoezi hili na .22 kabla hujasoma kijitabu chake. Fataki ya .22, yaani kiwashio cha baruti, iko kwenye ukingo wa kitako cha ganda, kwa hiyo pini hupiga pembeni, na kwa baadhi ya bastola, chemba ikiwa tupu, pini itagonga chuma cha chemba na kukiharibu. Tumia risasi bandia.

Anayekuambia .22 ni ya watoto, mwambie ashindane nayo. Mashindano ya bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki hupigwa kwa .22 LR. Katika ile ya kasi ya wanaume, hatua ngumu kuliko zote ni risasi tano kwenye shabaha tano ndani ya sekunde 4. Huyo hachezei makopo. Na Károly Takács wa Hungaria, ambaye mkono wake wa kulia uliharibiwa na guruneti mwaka 1938, alijifundisha kupiga kwa kushoto na kuchukua dhahabu ya bastola ya kasi London 1948, kisha Helsinki 1952. Nilimfikiria sana yule mtu katika miezi yangu minne. Mkono unafundishika, lakini hufundishika kwa kurudia maelfu ya mara kitu kisichouumiza.

Na kama unadhani ni wanaoanza tu wanaosumbuliwa na .40, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliipokea kaliba hiyo miaka ya 1990, kisha katikati ya miaka ya 2010 ikarudi kwenye 9 mm. Moja ya sababu walizozitaja wenyewe ni kwamba watu wao wengi walipiga haraka na kwa usahihi zaidi na 9 mm. Hao ni watu wanaolipwa kufanya mazoezi. Wewe ni wa siku za mapumziko.

Sasa kanuni yangu, na ndiyo pekee ninayoweza kukuapia. Usinunue bastola yoyote kwa kuishika. Ikodi au iazime uwanjani chini ya usimamizi, upige risasi mia moja kwa kikao kimoja. Kumi za kwanza weka karatasi yake. Themanini za katikati piga popote. Kumi za mwisho weka karatasi mpya, umbali ule ule. Kisha zilaze hizo mbili pamoja mezani. Kama kumi za mwisho zimekusanyika sawa na za kwanza au vizuri zaidi, hiyo bastola inakufundisha. Kama zimetawanyika na kuteremka, inakutisha, hata kama wewe mwenyewe unajiona jasiri. Usimsikilize muuzaji wala mimi, soma karatasi.

Wengi wanaangalia kumi za kwanza tu. Kumi za kwanza mtu yeyote mwenye hamu anapiga vizuri. Mimi zangu zilikuwa kiganja kizima!

Hiyo .40 yako fupi ukiipeleka kwenye mtihani huu, najua kitakachotokea, na bado nakuomba uupige ujionee. Ongeza na hili: kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, bastola fupi ina kama sentimita 13. Ukikosea kupanga kwa milimita 1 tu, mita 15 mbele umekosa kwa zaidi ya sentimita 11. Bastola ya shabaha yenye sentimita 23 kati ya vilengeo, kosa lile lile ni sentimita 6 na nusu. Kitu kile kile kinachoifanya iwe rahisi kuibeba kinaifanya iwe mwalimu mkali asiyekuonyesha ulipokosea. Na zile ndogo ukizilegezea kifundo cha mkono, slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, hairudi vizuri, ganda linakwama, unaanza kuilaumu risasi.

Ile 9 mm ya chuma inaweza kufaulu. Zito za aina ya CZ 75 hupiga teke la kistaarabu, na mpini unaujaza mkono. Kagua kama ncha ya kidole cha shahada inafika kwenye triga bila wewe kuusogeza mkono pembeni, maana ukiukunja ili ufikie, umeshaanza kuvuta risasi upande. Kama ni lazima uchague kati ya hizo mbili, chukua hiyo.

Lakini kwa nini ziwe mbili tu? Weka ya tatu mezani, ya .22. Ruger Mark IV ya mwaka 2016 inafunguka kwa kitufe kimoja nyuma, kwa hiyo kuisafisha hakutakukatisha tamaa. Browning Buck Mark ipo tangu 1985, na zilizotumika hupatikana. Smith & Wesson Model 41, ya tangu 1957, ni tamu sana, ila bei yake ni ya mtu aliyekwisha kujua anachokitaka, usianze nayo. Nusu otomatiki za .22 huchagua chakula: jaribu aina tatu nne za risasi mpaka uone inayokubali. Risasi za .22 hugoma mara kwa mara kuliko za 9 mm, na ikigoma, bastola ibaki imeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla hujaifungua, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kushika. Na usidanganyike na udogo wake: masikio yako yanahitaji kuzibwa na .22 kama na nyingine yoyote, na ndani ya ukumbi mimi naweka vizibo vya ndani na vya nje kwa pamoja. Kishindo nacho kinamfundisha mtu kuogopa, sawa na teke. Nimeona watu wakipona nusu ya mshtuko kwa kuziba masikio vizuri tu.

Nukta nyekundu ni nzuri, macho yangu yanaipenda. Lakini itakuonyesha unavyotetemeka, haitakuzuia kuinamisha mdomo wa bastola. Ile pesa ihamishie kwenye risasi. Bei ya risasi za .40 ndiyo iliyonifanya nipige hamsini nirudi nyumbani nikiwa nimejifunza kosa moja zaidi. Kwa .22 nilikuwa napiga mia mbili kwa pesa ndogo kuliko hiyo, na ya mia mbili ilikuwa tulivu kama ya kwanza.

Nenda uwanjani kabla hujaenda tena dukani. Omba .22, omba na hiyo 9 mm, na kama wanayo .40 fupi, iombe pia lakini iwe ya mwisho siku hiyo. Andika tarehe kwenye kila karatasi, ya kumi za kwanza na ya kumi za mwisho, uziweke picha hapa hapa kwenye uzi. Usichague zilizopendeza. Nitazipitia moja moja.