Maswali ya Wasomaji: Je, mkulima wa Marekani hulipwa ili asilime?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninalima muhogo na maharagwe katika teritwari ya Walungu, Kivu Kusini, kwenye kipande cha mlima nilichokodi kwa bwasa, yaani mkataba wa kimila wa kukodi shamba kwa muda mfupi. Mtoto wa dada yangu anayeishi Iowa anasema kwamba huko wakulima hupokea pesa za serikali kila mwaka kwa kuacha mashamba yao bila kulimwa. Je, ni kweli? Na sisi tunaochimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa nguvu zetu wenyewe tumekosa nini?
Mama mkulima, Walungu

JIBU: Mama, pokea salamu zetu kutoka Bukavu. Mtoto wako amesema kweli, ila yule mkulima halipwi kwa kukaa bure. Kwa mpango ulioanzishwa na sheria ya 1985, unaojulikana kwa herufi CRP (Conservation Reserve Program, yaani mpango wa kuhifadhi ardhi), yeye huikodisha serikali ardhi yake iliyo dhaifu kwa miaka 10 hadi 15, akapanda nyasi au miti ya kushika udongo, naye hulipwa kodi ya kila mwaka inayokadiriwa kwa kufuata bei ya kukodi mashamba katika kaunti yake. Akivunja mkataba, hudaiwa pesa zote alizokwisha kupokea, pamoja na riba. Tena, kwa kawaida mashamba yanayoingizwa katika mpango hayapaswi kuzidi robo ya ardhi inayolimwa katika kaunti, kwa sababu mahali ambapo hakuna anayelima, muuza mbegu na kibarua nao hukosa riziki.

Wamarekani walijifunza kwa uchungu. Tarehe 14 Aprili 1935 dhoruba ya vumbi ilifanya mchana kuwa giza katika nyanda zao, na mwezi huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuhifadhi udongo. Sisi udongo wetu hauendi na upepo, unaondoka na mvua: kando ya barabara nimeona mgomba uliobaki umening'inia ukingoni, mizizi yake nje kama vidole, kwa kuwa ardhi yake imekwisha kuteremka bondeni.

Mpango mwingine wa Marekani, wa 1996, ndio ungekufaa zaidi, maana mkulima huendelea kulima huku serikali ikimlipa sehemu ya gharama za matuta na mazao ya kufunika udongo.

Hata hivyo, Mama, kinachonigusa zaidi katika barua yako ni neno moja: bwasa. Malipo yale yote yamesimama juu ya uhakika wa kushika ardhi kwa miaka mingi, na kanuni za CRP humlinda hata mpangaji, asifukuzwe ili mwenye shamba ale malipo peke yake. Wewe mkataba wako ni wa muda mfupi, na desturi inakukataza kupanda mti au mgomba. Ni nani atakayechimba mtaro mrefu kwa faida ya mpangaji atakayemfuata? Hapo ndipo ninapoona dhuluma, nayo ingebaki hata kama serikali yetu ingeleta pesa kesho.

Kwa hiyo nakushauri uombe miaka kwanza. Mwendee mwenye shamba pamoja na wazee wawili wa kijiji, mwandike karatasi ya misimu kumi, itaje mitaro na nani ataitunza. Kwenye kingo zake panda matete: yanashika udongo, mbuzi wanayala, na mwenye shamba hatadhani unataka kumnyang'anya mlima wake, kama ambavyo angedhani akiona mgomba.