Maswali ya Wasomaji: Mbona Chipsi Zangu Zinalegea?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninakaa Tabata. Kila Jumamosi huwakaangia wanangu chipsi, lakini zikifika mezani huwa zimelegea na kunyonya mafuta, na nyingine zimeungua nje ilhali ndani bado ni ngumu. Watoto wanazila kwa kunionea huruma, kisha jioni wananiomba hela waende kibandani. Viazi ninavyonunua ni vizuri na mafuta ni mapya ya alizeti. Ninakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mama. Mwenye kibanda hajakuzidi kwa mafuta wala kwa viungo vya siri. Amekuzidi kwa sababu yeye hukaanga mara mbili. Nenda siku moja mapema, kabla wateja hawajaanza kumiminika, usimame pembeni umtazame. Utamkuta ameinamia beseni la viazi vilivyokwisha kumenywa, anavikata, anavisuuza, kisha anavimimina katika karai na kuvitoa vingali vyeupe, vimeiva lakini havijashika rangi, na kuvirundika katika lile kabati la kioo. Mteja akifika ndipo anapochota kiasi kinachotakiwa na kukirudisha kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa. Wengi hudhani hufanya hivyo ili asiwacheleweshe watu, na ni kweli, lakini ndani ya haraka hiyo mna ufundi ambao jikoni kwetu tumeupuuza.

Mkaango wa kwanza, kwenye moto wa wastani wa nyuzi 150 hivi za Selsiasi, huivisha kiazi ndani na kukipunguzia maji. Kinapopumzika, mvuke huendelea kukitoka. Kikirudi kwenye mafuta yenye nyuzi 180 au zaidi kidogo, upande wa nje hukauka upesi na kuwa na ule ukavu unaosikika kwenye meno, huku ndani kukibaki laini. Anayekaanga mara moja tu hujikuta hana njia: akizidisha moto, kiazi huungua nje kabla ndani hakujaiva, na akipunguza, kinalowa mafuta. Huhitaji kipimo chochote. Chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti kwenye mafuta: vipovu vidogo vikipanda taratibu kuuzunguka, huo ni moto wa mkaango wa kwanza, vikichemka kwa kasi na kelele, huo ni wa pili.

Usijaze karai, kwa sababu viazi vingi baridi vikiingia kwa pamoja hupoza mafuta, na hapo ndipo ulegevu unapoanzia. Kabla ya kukaanga, suuza viazi vilivyokatwa hadi maji yawe safi, yasiwe na ukungu wa wanga, kisha vifute kwa kitambaa safi hadi vikauke. Ukishaviopoa, vitikise na kuvichuja papo hapo, maana mafuta mengi huingia ndani wakati kiazi kinapopoa. Chumvi ni ya mwisho kabisa.

Umesema viazi vyako ni vizuri, nami sitaki kubishana nawe, ila uzuri wa sura hautoshi. Viazi vingi vinavyofika masoko ya Dar es Salaam hutoka Nyanda za Juu Kusini, hasa Mbeya na Njombe, na ndani ya gunia moja unaweza kukuta vilivyokomaa na vilivyong'olewa vikiwa vichanga. Kisugue kiazi kwa kidole gumba: ganda likichubuka kirahisi, hicho ni kichanga, kina maji mengi, kinafaa mchuzi kuliko karai. Kilichoanza kuwa cha kijani kiache pale pale sokoni, kwa kuwa rangi hiyo ni dalili ya sumu ambayo moto wa kukaangia hauiondoi. Tena, usivihifadhi kwenye friji. Baridi hugeuza wanga wa kiazi kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayofanya chipsi ziwe nyeusi nje mapema kabla ndani hakujaiva. Nadhani kwa sehemu hapo ndipo penye tatizo lako.

SWALI: Je, ni kweli kwamba chipsi zilizokolea rangi zina madhara? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Ni kweli kwamba inafaa kujihadhari. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinapopikwa kwa joto kali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, nayo huongezeka kadiri rangi inavyokolea. Ziopoe zikiwa za rangi ya dhahabu, wala usisubiri zifikie kahawia. Mafuta yaliyokuwa meusi na yanayotoa moshi mapema yamwage, hata kama moyo unauma kwa bei yake.

SWALI: Mhariri, mimi ni kijana wa Mwenge. Nilipokuwa chuoni, usiku wa kujiandaa na mitihani chakula changu kilikuwa chipsi mayai, yaani zege, na hadi leo nikiwa na siku nzito kazini napitia kibandani kabla ya kwenda nyumbani. Wenzangu ofisini wananicheka kwamba zege ni chakula cha kihuni na cha kuiga Wazungu. Wewe unasemaje?

JIBU: Ninasema wamekosea mara mbili, na ninalisema hili nikiwa na uchungu kidogo, kwa sababu ni chakula ninachokipenda.

Tukianza na Wazungu, kiazi chenyewe si chao. Asili yake ni Milima ya Andes huko Amerika Kusini, katika nchi ambazo leo ni Peru na Bolivia, ambako watu walikilima kwa maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajakipeleka Ulaya katika karne ya 16. Neno letu mbatata tulilipata kwa Wareno. Wabelgiji na Wafaransa wangali wanabishana nani alianza kukikaanga, na Waingereza walikuwa wameanza kuuza chipsi na samaki madukani katika miaka ya 1860. Umoja wa Mataifa nao umetenga tarehe 30 Mei kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Viazi. Wahispania wana kimanda chao cha viazi na mayai, lakini hicho huanza na viazi vilivyoivishwa taratibu hadi vikalainika. Chetu huanza na chipsi kavu, na mayai huja kuzishika kama saruji inavyoshika kokoto. Ndiyo maana jina la zege limekikaa vizuri sana.

Kuhusu uhuni, ninawaomba wenzako wakumbuke ni nani anayekula zege saa nne za usiku katika jiji hili. Ni kondakta aliyemaliza zamu, muuguzi anayeingia kazini, fundi aliyekosa mchana, mwanafunzi kama ulivyokuwa wewe. Wote wanakaa benchi moja, wanasikia sauti ya mayai yakigongwa ukingoni mwa kikaango, na kwa dakika kumi hizo hakuna anayewadai kitu. Sijui ni chakula gani kingine cha Dar es Salaam kinachomliwaza mtu kwa upesi namna hiyo na kwa bei ambayo wengi wanaimudu. Ukitaka kuwanyamazisha wenzako, waalike nyumbani uwakaangie. Pasha mafuta kidogo kwenye kikaango kipana, tandaza chipsi zilizokwisha kukaangwa mara mbili kwa safu moja, piga mayai kwa chumvi kidogo kisha yamimine kuanzia kingo kuelekea kati ili yapenye kila mahali. Usikoroge. Kingo zikianza kuachia, funika kikaango kwa sahani bapa, kipindue kwa mkupuo mmoja, kisha telezesha zege lirudi upande wa pili kwa dakika moja tu. Kachumbari iwe tayari kabla mayai hayajaingia, yenye ndimu ya kutosha na pilipili pembeni, maana zege halisubiri. Mayai mawili kwa sahani moja yanatosha. Weka matatu ikiwa mgeni wako ametoka kazini.