Sensa mpya, gari kuukuu

Maswali ya safari hii yote yanahusu sensa za upepo wa matairi, vile vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye valvu, ndani ya gurudumu, kuipimia kompyuta ya gari upepo. Sizungumzii sensa ya watu na makazi, ingawa mtaona gari nalo lina daftari lake la waliohesabiwa.

*Fundi, shikamoo. Gari langu la mwaka 2010 linawasha taa ya njano yenye alama ya mshangao. Kila nikiliwasha, taa inapepesa kwanza, halafu inabaki inawaka. Nimejaza upepo mpaka nimechoka. (Dar es Salaam)*

Marahaba. Acha kujaza, usije ukapasua tairi. Taa hiyo ikiwaka bila kupepesa, upepo umepungua. Ikipepesa dakika moja hivi kisha ikatulia ikiwaka, mfumo wenyewe ndio mgonjwa, na kwa gari la umri huo mshukiwa wa kwanza ni betri ya sensa. Betri hiyo hudumu kama miaka 5 hadi 10 na imezikwa ndani ya sensa kwa gundi ngumu, kwa hiyo hubadilishi betri, unabadilisha sensa. Kama zote nne ni zile za kiwandani, nunua nne kwa mpigo. Moja ikishakufa, wenzake wako njiani, na kila mara utalipia upya kutoa tairi kwenye rimu na kubalansi.

*Kaka, niko Columbus, Ohio, na Toyota Camry ya 2009. Nimeagiza sensa nne mtandaoni, zikafungwa. Nimebonyeza kile kitufe cha SET mpaka kidole kinauma, taa bado inapepesa. Nimeuziwa feki?*

Huenda sensa ni nzima kabisa, ila hazijatambulishwa. Kila sensa ina namba yake, na kompyuta ya gari husikiliza zile namba nne tu zilizoandikwa ndani yake. Isingekuwa hivyo, ungesimama kwenye foleni ukasomewa upepo wa jirani. Kitufe cha SET kazi yake ni kuliambia gari kwamba upepo uliopo sasa ndio kipimo sahihi. Hakisajili namba mpya hata ukikibonyeza mwaka mzima.

Kwa Toyota nyingi za miaka hiyo, fundi wa matairi anatumia kifaa cha mkononi. Anakisogeza karibu na valvu, kinatuma mawimbi ya kHz 125 kuiamsha sensa, nayo inajibu namba yake na presha. Akimaliza magurudumu yote, anachomeka kifaa kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari kwa kompyuta, chini ya dashibodi na kuziandika namba hizo kwenye kompyuta. Kwa mwenye kifaa ni kazi ya dakika chache.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda mimi: kunakili. Zipo sensa zinazouzwa bila namba, fundi anazipa namba zilezile za zamani, na gari halijui kama kuna kilichobadilika. Sensa ya zamani ikiwa imekufa, namba mara nyingi huwa imechapwa kwenye mwili wake. Kwa hiyo msitupe sensa kuukuu, na kabla tairi halijarudishwa kwenye rimu pigeni picha namba za zile mpya.

Si kila gari liko hivyo. Chevrolet nyingi za wakati huo hubonyezwa kufunga na kufungua kwa pamoja kwenye rimoti mpaka honi ilie, kisha sensa zinaamshwa kwa zamu: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto. Magari mengine hujifunza yenyewe yakiendeshwa.

*Gari langu lilitoka Ubelgiji. Ndugu yangu wa Marekani ameniletea sensa zinazofanana kabisa kwa umbo, lakini hazisomi. (Lubumbashi)*

Soma masafa yaliyoandikwa juu yake. Za Ulaya huzungumza kwa MHz 433, za Marekani nyingi za zamani kwa MHz 315. Hapo programu haisaidii, zirudishe.

*Valvu ya chuma imekatika nikifungua kifuniko. (Mombasa)*

Chumvi ya bahari hiyo, dada. Valvu ni ya alumini, na ukiiwekea sindano (kile kizibo cha ndani kinachozuia upepo) ya shaba ya kawaida au kifuniko cha chuma, vinalana na kugandana. Tumia kifuniko cha plastiki na sindano iliyopakwa nikeli. Kagua pia kama valvu yako imeshikwa na skrubu kwenye sensa. Ikiwa hivyo, unanunua valvu peke yake.

*Nikizing'oa niweke valvu za mpira, gari litagoma? (Nairobi)*

Haligomi, litabaki na taa tu. Marekani, ambako mfumo huu ni lazima kwa magari mapya tangu Septemba 2007, karakana hairuhusiwi kuuzima ukiwa unafanya kazi. Japani haikuuweka kuwa lazima, ndiyo maana magari mengi yaliyotoka huko hayana kabisa. Ukizing'oa, nunua geji na upime asubuhi kabla ya kutoka. Hata mwenye sensa anaihitaji, maana kwa kawaida taa husubiri upepo upungue kama robo: tairi la psi 32 linafika 24 ndipo uambiwe.

*Matairi yote manne yako sawa, nimepima mara mbili, na taa inawaka bila kupepesa. (Arusha)*

Pima spea. Baadhi ya magari makubwa yana sensa ya tano huko.