Kidonda cha punje ya mchele

Siku ya tisa baada ya matibabu ya faibroidi, ule uvimbe unaoota kwenye kizazi, jirani yangu hapa Makorora alinikuta barazani nachambua mchicha. Akaniuliza nimepasuliwa wapi. Nikamwonyesha alama kwenye kinena cha kulia, ndogo kama punje ya mchele. Akacheka. "Shoga, hiyo ndiyo iliyokulaza wiki nzima?" Sikumlaumu. Hata mimi nilipoondoka Tanga nilijua nikirudi tu napanda baiskeli yangu naenda kufungua duka Ngamiani kama kawaida.

Faibroidi nimeishi nazo miaka sita. Siku zangu zilikuwa hazikatiki mpaka siku ya kumi, pedi navaa mbili mbili, na mara moja nililazwa nikaongezewa damu. Nina miaka 44, watoto watatu wanatosha, ila kutolewa kizazi sikutaka. Nikachagua kuzibwa mishipa inayolisha uvimbe. Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa pajani, anaufuatilia kwenye skrini ya eksirei, halafu anaachia chembechembe ndogo sana. Uvimbe unakosa damu, unasinyaa. Unapigwa ganzi ya hapo mahali na dawa ya kukutuliza, basi. Mjomba aliposikia alisema wazungu wanatufanyia majaribio. Nikamwambia Jacques Ravina na wenzake wa Paris waliandika kuhusu tiba hii ya faibroidi mwaka 1995, majaribio gani hayo yasiyokwisha? Kama bado unataka kuzaa, mwambie daktari hilo kabla ya yote, maana kwako mara nyingi wataanza kufikiria kuondoa uvimbe wenyewe na kuacha kizazi.

Sasa usiku wa kwanza. Nimezaa mara tatu, uchungu naujua, na ule ulikuwa uchungu. Tumbo la chini lilisokota vibaya, huku nimeambiwa nilale chali saa sita, mguu umenyooka, nisiukunje. Kosa langu ni kwamba nilijikaza. Mwanamke wa pwani hapigi kelele hospitali, si ndivyo tulivyofundwa? Nilipokuja kumwita nesi, maumivu yalikuwa yameshapanda, na dawa ilichukua muda mrefu kuyashusha. Wewe usijikaze. Omba dawa yanapoanza, na ukirudi nyumbani meza kwa saa ulizopangiwa hata kama unajisikia nafuu. Dawa zile kali hufunga choo, kwa hiyo kula papai na kunywa maji mengi tangu siku ya kwanza. Kujikamua chooni na kinena kile, hapana.

Nilikaa kwa dada yangu Dar siku tano kabla ya kusafiri. Kilomita kama 350 hadi Tanga si mchezo kwa mtu aliyetobolewa mshipa. Kwenye basi nilikaa kiti cha kando ya ile njia ya katikati ili ninyooshe mguu, na kila gari liliposimama nilishuka nikatembea kidogo. Kwenye matuta nilikuwa nabonyeza kinena kwa kiganja juu ya khanga iliyokunjwa. Fanya hivyo hata ukikohoa. Kutoka stendi ya Kange nikachukua bajaji, na kijana nikamwambia wazi aende polepole kama amebeba mayai.

Nyumbani nikamkuta shangazi. Alikuwa ametoka Pangani na karai, taulo, pilipili manga na mkaja, amejiandaa kunikanda kama mzazi. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa sababu kumkatalia mtu mzima aliyesafiri kwa ajili yako ni kazi kuliko kuvumilia maumivu. Lakini kinena kilikuwa na tundu la mshipa, sikuruhusiwa kukiloweka, na tumbo halikutakiwa kukandamizwa. Nikamwambia, "Shangazi, mie sikuzaa, mie nimetobolewa mshipa wa damu. Ukifumuka hapa tutakimbizana hospitali ya Bombo usiku." Alinuna siku nzima. Tukaja kuelewana hivi: karai liliwekwa kando, mkaja haukufungwa kwa sababu ungekaa juu ya kidonda, uji wa pilipili manga nilikunywa wote, na jioni aliniwekea chupa ya maji ya moto tumboni juu ya khanga, bila kubonyeza. Ile chupa ilinisaidia kweli. Na mtu aliyekuja na karai lake alizuia pia watu kunituma, kwani akiwepo yeye hakuna aliyethubutu kuniomba nipike.

Wiki hiyo nilichoka uchovu wa ajabu, kuoga tu nalala. Homa ndogo na kichefuchefu huja, mwili unashughulika na uvimbe unaokufa. Nunua kipimajoto, usipime kwa kiganja. Homa ikifika 38 na haishuki, au inarudi baada ya kuwa imeshakwisha, nenda hospitali. Hali kadhalika kidonda kikivimba au kikitoa damu (kwanza kibonyeze), au mguu ukiwa wa baridi.

Jambo la aibu tuliseme. Utatokwa na uchafu wa kahawia, pengine kwa wiki kadhaa. Wiki ya tatu mimi nilitoa kipande kama nyama, nikapiga kelele chooni. Inatokea. Nilipiga simu hospitali wakanitaka niende kuangaliwa, na nilikuwa salama. Uchafu huo ukiwa na harufu mbaya, hasa pamoja na homa au maumivu yanayozidi, usisubiri asubuhi.

Vidonge vya madini chuma niliendelea navyo, maana damu niliyopoteza miaka yote ile haikurudi kwa siku moja. Nilikuwa navimeza kwa chai ya maziwa mpaka mfamasia mmoja akanigombeza: chai inazuia madini yasiingie mwilini. Sasa nameza kwa chungwa, na sisi watu wa Tanga tulio jirani na Muheza hatuna kisingizio cha kukosa chungwa.

Baiskeli nilipanda baada ya wiki tatu, kwanza hadi mwisho wa mtaa tu. Miezi mitatu ya mwanzo tumbo lilionekana lile lile, nikaanza kuwaza hela zangu, lakini uvimbe husinyaa kwa miezi, si kwa siku. Mwezi wa nne siku zangu zilikwenda siku tano. Zile pedi kubwa nilizonunua kwa dazeni zimebaki kabatini, na binti yangu ananiuliza nitazifanyia nini.